Soma Hichi, Utakipenda

Yapo maneno ambayo mtu huyatamka bila ya kuyapima, kwa kuwa anayaona mepesi. Moja katika hayo ni neno tunalowaambia wenzetu tunapowapa kitabu: "Soma hichi, utakipenda." Hulisema tukiwa tumesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kisha tukenda zetu. Mimi nimelisema mara nyingi katika umri wangu, na kwa muda mrefu sikuliona kuwa na uzito wowote. Leo naliona kuwa ni neno zito, na katika kurasa hizi chache nataka kumueleza msomaji kwa nini.

Mtu akikushauri ukale kwa muuza chakula fulani, na chakula kisikupendeze, hasara yako ni sahani moja. Akikushauri fundi, na fundi akaiharibu kanzu, hasara yako ni kitambaa. Lakini anayekupa kitabu anakuomba saa zako, tena zile chache ulizobakiwa nazo baada ya kazi, watoto na sala. Zaidi ya hayo, anakuomba umruhusu mtu usiyemjua, yaani mtungaji, aingie kichwani mwako na akae humo siku kadhaa. Wazee wetu walitufundisha kwamba mwenye kutakwa shauri amebebeshwa amana. Basi swali langu ni hili: ninapomchagulia mtu kitabu, ninamtumikia nani? Yeye atakayekisoma, au mimi ninayetaka kuonekana nimesoma?

Naishi Kendwa, kaskazini ya Unguja, karibu na Nungwi. Msomaji ambaye hajafika huku pengine amelisikia jina kwa sababu ya mahoteli. Pwani yetu ina sifa yake: maji yakitoka hayaendi mbali kama yanavyokwenda upande wa mashariki, Paje au Jambiani, kwa hivyo mgeni anaweza kuogelea kutwa. Wageni walipokuja walikuja na vitabu. Ukipita katika hoteli za huku utaona rafu karibu na mapokezi, imejaa vitabu vya Kiingereza, Kijerumani na Kitaliani, vimevimba kwa maji ya bahari na mchanga umo ndani ya kurasa. Mgeni akimaliza chake hukiacha, akachukua kilichoachwa na mwengine.

Naipenda rafu ile, lakini siihusudu. Aliyekiacha kitabu pale hakumpa mtu yeyote. Amepunguza mzigo wa begi lake. Hana amana juu yake, kwa sababu hakumtazama mtu usoni. Sisi wenyeji hatuwezi kupeana vitabu namna hiyo. Vitabu vyetu vizuri vya Kiswahili vingi ni adimu kupatikana, na ukitaka duka la vitabu ni lazima uende mjini. Kikipatikana kimoja hupita mikono mingi mpaka jalada linatoka. Na ukimpa mtu kitabu hapa kijijini, kesho utakutana naye msikitini au dukani, na hapana budi mtatazamana.

Nilisomesha skuli kwa miaka mingi, na watu bado huniita Maalim. Miaka kadhaa iliyopita alinijia jirani yangu mmoja, mvuvi wa zamani aliyeiacha bahari baada ya kuumia mgongo, akaajiriwa ulinzi wa usiku hotelini. Akaniambia, "Maalim, usiku mrefu. Nipe kitabu cha kunichangamsha nisilale." Tazama alivyosema: cha kunichangamsha. Hakusema cha kunielimisha. Mimi nikaingia ndani, nikasimama mbele ya kabati langu, mkono ukapita juu ya vitabu ambavyo mwenyewe nilivisoma kwa kukesha, nikaviruka vyote. Nikamtolea Nagona cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1990.

Wanaokijua Nagona watacheka. Ni kitabu chembamba, lakini hakimshiki msomaji mkono. Ndani yake mna safari, ndoto, sauti na maswali ya falsafa yanayopindana. Wataalamu wanakisifu, na sina shaka kuwa wana haki yao. Lakini mimi mwenyewe nilikisoma mara mbili, na mara zote mbili nilitoka kama nilivyoingia. Kwa nini basi nilimpa mtu aliyetaka kuchangamka? Nitasema kweli, kwa kuwa insha isiyosema kweli haina haja ya kuandikwa. Nilitaka siku moja aseme barazani kwamba Maalim anasoma vitabu vikubwa.

Alikirejesha baada ya miezi mitatu, amekifunga ndani ya mfuko wa plastiki, safi kama nilivyompa. Akasema, "Ahsante, Maalim. Kumbe mimi si mtu wa kusoma." Nikamwambia si neno, nikakirudisha kabatini. Hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa, kuliko hata lile la kuchagua. Kuchagua vibaya ni bahati mbaya, na kila mtu humpata. Lakini yule bwana alisimama mbele yangu akijilaumu kwa jambo ambalo halikuwa lake, na neno moja la kweli lingemuondolea lawama: "Hata mimi kilinishinda." Sikulisema. Nilimwacha aende zake akiamini kuwa upungufu ni wake, ili heshima yangu ibaki palepale.

Ilipita miaka miwili hivi hakugusa kitabu. Usiku akitazama simu mpaka moto unakwisha, kisha akitazama bahari. Mpaka mpishi wa palepale hotelini, kijana ambaye hakumaliza hata kidato cha nne, akampa kitabu kisicho jalada na kumwambia maneno yaleyale niliyoyasema mimi: soma hichi, utakipenda. Kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Asubuhi ya siku ya tatu mlinzi alinigongea mlango, ametoka zamu, macho mekundu. "Maalim," akasema, "huyu Bwana Msa ana vyengine?"

Kwa wasiomjua, Bwana Msa ni mpelelezi asiye polisi, mvuta kiko, hodari wa kuona kile ambacho kimewekwa wazi na hapana anayekiona. Aliyemtunga alikuwa mtu wa Makunduchi. Hadithi ile ilipata ushindi wa kwanza katika mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya mwaka 1957–58 na ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Baadaye zikafuata nyengine, kama Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na Mwana wa Yungi Hulewa. Ndiyo, ana vyengine. Vinne vilikuwamo kabatini mwangu siku ile nilipompa Nagona. Mkono wangu ulivigusa ukavipita.

Nini alichokuwa nacho yule mpishi ambacho mimi sikuwa nacho? Elimu, hapana. Alikuwa na mambo mawili tu: alikuwa amekipenda kitabu mwenyewe kwa kweli, na alikuwa amemtazama mwenzake kwa miezi akasinzia na kupiga miayo, akajua anachohitaji. Nadhani amana yote ya jambo hili imo katika mambo hayo mawili.

Lakini msomaji asiharakishe kuyakubali, kwa sababu kuna upande wa pili, nao pia umenigharimu. Baada ya kisa cha mlinzi nilijiwekea kanuni: sitampa mtu ila kile nilichokipenda mimi kwa dhati. Kanuni nzuri, lakini nusu. Dada yangu mdogo alipoachwa na mumewe alirudi nyumbani na watoto wawili, na siku za mwanzo hakuwa na la kufanya ila kukaa na kutazama ukuta. Nikamhurumia. Nikampa kitabu nilichokipenda kuliko vingi, Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka mwaka 1980. Nilikipenda kwa dhati, si kwa kujionesha. Nami nikasema, "Soma hichi, dada, utakipenda."

Waliosoma Utengano wanajua kwamba ni hadithi ya nyumba inayovunjika, mke anayetalikiwa na binti anayepotea njia. Nilikuwa nimesahau? La, sikusahau. Nilikuwa nikikumbuka utamu wangu, nikawa sikumkumbuka yeye. Siku ya pili aliniwekea kitabu mezani kimya kimya. Nilipomuuliza akasema, "Kaka, umenipa kioo wakati nina jeraha usoni." Hakusema zaidi, na kwa siku kadhaa hatukuzungumza vizuri.

Basi hapa ziko hatia mbili, na zimekaa kinyume. Kwa mlinzi nilitoa kitabu nisichokipenda, kwa ajili ya sifa. Kwa dada nilitoa kitabu ninachokipenda, kwa ajili ya mapenzi yangu mwenyewe. Katika hali zote mbili mtu aliyekuwa mbele yangu hakuonekana. Ndipo nikafahamu kwamba ukweli peke yake hautoshi. Shahidi anaposema kweli amekwisha kazi yake. Lakini mshauri akisema kweli bado hajamaliza, kwa sababu kazi yake ni kumjua anayeshauriwa.

Wako watakaonipinga kutoka upande mwengine. Nawajua, maana nimekaa nao vikao vingi vya walimu. Watasema: hizi habari za utamu na kuchangamka ni za nini? Kitabu ni chakula cha akili, na mtoto hapewi halua akaachiwa wali. Anayesoma sana amchukue asiyesoma, ampandishe ngazi, atake asitake. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mimi mwenyewe nimeishi kwa hoja hii, na wako wanafunzi wangu wanaonishukuru kwa vitabu nilivyowalazimisha.

Hata hivyo nina majibu mawili. La kwanza, mtu mzima si mwanafunzi wangu. Akinijia kuomba kitabu, hajanipa ruhusa ya kumlea. Kumpa kile ninachoona kitamfaa ilhali yeye ameomba cha kumfurahisha, bila ya kumwambia, ni kumhadaa, hata kama hadaa yenyewe ina nia njema. Ikiwa naona anahitaji kitu kizito, njia ya halali ni kumwambia: hichi ulichoomba, na hichi ninachokishauri mimi, chagua. La pili, sisi tunaojifanya walinzi wa akili za wenzetu tumekosea mara nyingi. Rosa Mistika cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1971 kilizuiliwa maskulini kwa muda, kwa kuonekana kinasema wazi mno yanayowapata wasichana. Baadaye kiliruhusiwa, tena kikasomeshwa katika madarasa ya skuli. Kitabu hakikubadilika hata herufi. Waliobadilika ni waliokuwa wakiamua kwa niaba ya wengine.

Na nataka kuongeza neno kuhusu utamu wenyewe. Yule mlinzi, baada ya kumaliza vitabu vya Bwana Msa, aliniomba Kuli cha Adam Shafi, kwa kuwa alisikia kinaeleza habari za bandarini na babu yake alikuwa mchukuzi huko. Alikisoma, akaja na maswali juu ya mgomo wa mwaka 1948, ambayo baadhi yao yalinishinda kuyajibu. Ningeweza kumalizia hapo na kusema: tazameni, hadithi ya kuchekesha imemfikisha kwenye historia ya nchi yake, kwa hivyo utamu una faida. Lakini sitaki kusema hivyo, kwa kuwa itakuwa ni kuurudisha utamu katika utumwa. Hata kama asingefika Kuli, hata kama angebakia na Bwana Msa maisha yake yote, zile saa alizocheka peke yake gizani na tochi yake zilikuwa ni zake, halali, na hazikuhitaji kuombewa radhi. Mtu aliyechoka akipata furaha isiyomdhuru yeye wala mwengine, amepata kheri kamili. Haihitaji kuwa daraja la kwendea kwengine.

Kwa kuwa nimesema mengi juu ya kushauri, itakuwa ni kujificha nikimaliza bila ya kushauri chochote. Sikujui, msomaji, na kwa kanuni yangu mwenyewe sina haki ya kukwambia utakipenda hichi au kile. Ninaloweza ni kukueleza ni kitabu gani nilikipenda na nilikuwa katika hali gani, nawe ujipime.

Ikiwa umechoka na unataka kukisia nani aliyeua, Mzimu wa Watu wa Kale hakijapata kunitupa. Ukivutwa na sura ya kwanza, jifungie, maana hutakiweka chini.

Ikiwa unataka mapenzi ambayo hayakutengwa na dunia, soma Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999. Ni hadithi ya Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, na Denge aliyekuwa akipigana na ukoloni. Mitaa ya mji imo humo, ukiijua utaitambua. Mwaka 2021 imetolewa filamu yake, nayo nzuri, lakini anza na kitabu. Nilikisoma nikiwa kijana bado, na nilikwenda mjini makusudi kupita katika vichochoro.

Ikiwa huna muda ila dakika chache kabla ya kulala, kamata mashairi, na huku kwetu mimi hutoa Kimbunga cha Haji Gora Haji, cha mwaka 1994. Alizaliwa Tumbatu, kisiwa tunachokiona kutoka pwani yetu, akafanya uvuvi na ubaharia, na elimu yake ilikuwa ya chuoni. Amefariki mwaka 2021. Mashairi yake yanaonekana mepesi mara ya kwanza, kisha unayakuta kichwani wiki nzima yakikuuliza maana.

Ikiwa unapenda habari za watu wa kweli, Shaaban Robert ameandika Wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika umaskini na sauti yake ikafika kurikodiwa Bombay mwaka 1928. Kwa mwenye kukata tamaa ni dawa, nami nakumbuka nilipokihitaji.

Ikiwa nyumba yako ina watu na mnapenda kusoma kwa sauti, Mfalme Juha cha Farouk Topan ni mchezo wa kuigiza unaochekesha, na kila mtu atataka kuwa mfalme. Kwa watoto, na kwa wakubwa wanaojificha nyuma ya watoto, hekaya za Abunuwas hazijazeeka.

Na ikiwa una nafasi na utulivu, soma Peponi. Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akakifasiri kwa Kiswahili mwaka 2022. Ni habari ya kijana Yusuf, aliyetolewa na baba yake kwa ajili ya deni. Nilipokisoma kwa Kiswahili niliona kama kwamba kilikuwa safarini muda mrefu na sasa kimerudi kwao. Lakini si cha kusomwa na mtu anayesinzia, na mlinzi wangu sikumpa mpaka alipokiomba mwenyewe.

Na kila kimoja katika hivi, kikikushinda, kirejeshe bila ya haya. Hili ndilo sharti ambalo siku hizi nalitanguliza kabla ya kitabu chenyewe. Namwambia mtu: soma kurasa ishirini, ukiona hakikuingii, kilete, tutatafuta chengine, na wala usidhani ni wewe. Nimeona kwamba maneno hayo huwafanya watu wasome zaidi kuliko sifa zote nilizokuwa nikizimwaga zamani.

Kuhusu Nagona, nilikwisha kumwambia mlinzi. Ilinichukua muda kulitoa neno lenyewe. Siku moja tumekaa barazani tunakunywa kahawa nikasema, "Kile kitabu cha kwanza nilichokupa, hata mimi sikukifahamu." Alinitazama kidogo. Nilidhani atakasirika, na alikuwa na haki. Akauliza, "Miaka yote hii, Maalim?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza, kisha akaniomba nimpe tena akijaribu, sasa kwa kuwa anajua kuwa haukuwa ujinga wake. Anacho mpaka leo. Sijui amefika wapi, na sijamuuliza.

Na dada yangu, baada ya mwaka na zaidi, alikuja mwenyewe mbele ya kabati akasimama. Safari hii sikukimbilia kunyoosha mkono. Nikamuuliza, "Unataka kucheka, kulia, au kufikiri?" Akasema, "Nataka kusahau kwamba kuna samaki jikoni." Nikampa Duniani Kuna Watu. Jioni ile samaki waliungua, na watoto wakala mkate kwa chai.